Tarehe ya Kihamba Chetu cha Kilema na Mzee Aliyekitunza

Kahawa ya Kilimanjaro ilianzia Kilema. Natanguliza hili kwa sababu kwenye mazishi ya babu yetu alisimama msemaji mmoja kutoka ng'ambo ya mto, akadai kwamba Wachagga waliletewa kahawa na Bwana Dundas, mtawala wa Kiingereza, baada ya Vita ya Kwanza. Msibani hatukumjibu. Jibu ni hili.

Mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia Kilema mwaka 1891, enzi za Mangi Fumba, na kufikia mwaka 1898 mibuni ilikwisha pandwa misheni, mbegu yake ikiwa imetoka kisiwa cha Réunion kupitia kwa wenzao wa Bagamoyo. Dundas alikuja Moshi wakati Mwingereza ameshamwondoa Mjerumani. Alihimiza watu wapande, sifa hiyo hatumnyimi, na walowezi walimchukia kwayo, maana walimtaka Mchagga awe kibarua wa kuchuma kahawa yao, asiwe na yake. Lakini mhimizaji si mwanzilishi.

Baba yake babu alikuwa kibarua wa mapadre. Wazee wote wa ukoo husema alipewa miche michache, akaifunga kwa magamba ya mgomba, akaipanda usiku, kwa kuwa majirani walisema mti wa wageni hufukuza mvua. Mvua ikachelewa kweli. Mifongo, mifereji yetu ya maji, ikakauka, nao majirani wakaja na mapanga kuing'oa miche. Walipofika kwenye masale ya mpaka, maji yakashuka mfongoni yakaingia kihambani mwetu, shamba letu la ukoo, wala hayakupita kwenda kwa mwingine. Wakarudi makwao. Baadaye mmoja wao alileta isale kuomba radhi, akaomba na mche. Ndivyo wazee walivyosimulia, nami sioni sababu ya kuwapunguzia.

Alizaa wana watatu. Wa kwanza alikwenda Tanga kwenye mkonge, hakurudi. Wa pili alikuwa seremala. Wa tatu ndiye babu, na kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, kihamba cha baba kikawa chake, kama ilivyo desturi.

Babu alizaliwa mwaka 1933, mwaka chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, kilipoandikishwa kushika nafasi ya kile chama cha wakulima, KNPA, cha Joseph Merinyo, na alijihesabu kuwa pacha wake. Alikuwa mtu wa mizani kwenye chama cha msingi, na hata waliomchukia hawakusema kwamba mizani yake ilipunja. Msimu ukifika, kahawa iliyochumwa mchana haikulala haijamenywa. Watoto walizungusha mashine ya mkono kwa zamu, taa ya chemli ikining'inia mlangoni. Kisha kahawa ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa vichanjani. Bibi ndiye aliyepanga zamu, maana ndiye aliyejua nani husinzia.

Malipo ya kahawa yalisomesha wavulana. Wasichana walisomeshwa na ndizi za bibi, alizozipeleka sokoni kichwani. Babu hakukubali kupongezwa kwa elimu ya binti zake, alisema, "Muulizeni mama yao."

Hapa lazima niseme la mwaka 1976. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima kwa amri. KNCU, chama ambacho wakulima walikijenga kwa makato ya kahawa yao wenyewe, wakiwa na majengo yao mjini Moshi, kikafutwa bila wao kuulizwa. Waliambiwa kijiji ndicho ushirika. Kijiji kinajua nini juu ya kuuza kahawa ng'ambo? Zao likaingia mikononi mwa Mamlaka ya Kahawa, na babu, aliyekuwa mwana-TANU wa kadi, alilisema jambo hili mkutanoni mbele ya viongozi, akaitwa mkaidi. KNCU iliporudishwa mwaka 1984 hakuna aliyerudi kumwomba radhi. Yeye alirudi kwenye mizani.

Kubwa lililomshinda lilikuwa chulebuni, ugonjwa wa mibuni. Mrututu, dawa ya kuukinga, ulipanda bei kuliko kahawa yenyewe, na majirani wengi walikata mibuni wakaweka nyanya. Babu alikata michache tu. Miche mipya ya Lyamungo, isiyougua chulebuni, ilipofika, alipanda akiwa na fimbo mkononi, wajukuu wakichimba mashimo naye akiyakosoa. Krismasi watu walipopanda mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha, mgeni hakupewa mbege kabla hajazungushwa kuiona miche hiyo.

Amezikwa kihambani, karibu na baba yake. Kihamba sasa ni cha mwanawe wa mwisho, naye bado anauza kwenye chama kile kile.

Tukirudi kwa msemaji wa ng'ambo ya mto: Charles Dundas alizaliwa mwaka 1884. Mibuni ya Kilema ilipopandwa, alikuwa kijana asiyezidi miaka 14 ambaye hajauona Kilimanjaro.