Habari Iliyo Mpya: Mtandao wa ARPANET na Siku ya 27 Oktoba 1980

Mtandao wa kompyuta ulioitwa ARPANET ulianza nchini Marekani mwaka 1969, ukiwa na vituo vinne tu. Vituo hivyo viliunganishwa kwa nyaya za simu za kukodi zenye kupitisha biti 50,000 kwa sekunde. Upesi wa kustaajabisha kwa zama zile, haba mno kwa leo. Kila kituo kilikuwa na mashine ya kuelekeza ujumbe, nazo mashine hizo zilifuata itifaki: neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mapatano, nalo lafaa sana hapa.

Hapo kwanza kila mashine ilizipelekea mashine jirani makadirio yake ya muda wa kufika kila mahali, nazo zikayaamini bila ya kujua yametoka wapi. Habari njema ilienea haraka, mbaya ikachelewa, na ujumbe uliweza kuzunguka baina ya vituo usifike. Basi mwaka 1979 desturi hiyo iliachwa. Tangu hapo kila mashine ilipima nyaya zake yenyewe na kuutangazia mtandao mzima, na kila tangazo lilipewa nambari ili lililo jipya lijulikane.

Nambari hiyo ilikuwa ya biti 6: toka 0 hata 63, kisha 0 tena. Kwa kuwa hesabu ilizunguka kama saa, tangazo lilihesabiwa jipya iwapo limelitangulia jingine kwa hatua zisizozidi 32.

Siku ya 27 Oktoba 1980 mashine moja ilipoteza biti katika kumbukumbu yake, na zikatokea nambari tatu: 44, 40 na 8, yaani 101100, 101000 na 001000. Kwa kanuni ile, 44 ni mpya kuliko 40, 40 kuliko 8, na 8 kuliko 44! Neno «kuliko» hudhani kwamba mpangilio una mwisho. Hapa haukuwa nao. Kila mashine ilipokea matangazo hayo na kuyapeleka mbele pasipo kukoma, na mtandao ukakwama kwa muda wa saa kadhaa. Kuzima mashine moja hakukufaa kitu, maana nyingine zilikwisha kuyahifadhi. Ilibidi zote ziamriwe kuyakataa matangazo ya kituo kile.

Kumbukumbu mbovu ilikuwa sababu ya karibu tu. Kosa lenyewe lilikuwa katika mduara. Itifaki iitwayo OSPF, katika toleo lake la 1991, ina nambari za biti 32 zipandazo kwa mstari ulionyooka. Zikifika kikomo, tangazo la zamani hufutwa kwanza kote, ndipo hesabu ianze upya.