Nani Alilipa Bei ya Moshi Safi?

Mwaka 2012 wahandisi wa Volkswagen walikuwa na shida ambayo hawangeweza kuieleza kwa sauti. Baadhi ya magari yao ya dizeli yaliyouzwa Marekani yalikuwa yameanza kuharibika vipuri. Walipokaa chini kutafuta chanzo, wakaja na dhana moja: huenda magari haya yanakaa kwa muda mrefu mno katika hali ya usafi, ile hali ambayo yalitakiwa kuingia tu wakati serikali inayapima. Mfumo wa moshi haukuundwa kuvumilia usafi wa kila siku.

Soma hiyo tena polepole. Gari lilidhaniwa kuharibika kwa sababu lilikuwa linafuata sheria.

Habari hii haikutoka kwa adui wa kampuni. Imo ndani ya maelezo ambayo Volkswagen yenyewe iliyakubali Januari 2017, ilipokiri makosa Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 4.3. Wengi wetu tunaikumbuka skendo ya dizeli kama hadithi fupi: kampuni ikadanganya, ikashikwa, ikalipa, magari yakarekebishwa, kwisha. Mimi naona hadithi yenyewe inaanzia pale kwenye "yakarekebishwa". Maana kuna watu walipeleka gereji gari lililokuwa likienda vizuri, wakarudishiwa gari lisiloeleweka.

Ili tuelewane, lazima tuingie ndani ya injini kidogo. Usiogope, ni aya mbili tu.

Dizeli haiwashwi na plagi kama petroli. Hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, kisha mafuta yananyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Hapo ndipo dizeli inapata nguvu yake na sifa ya kula mafuta kidogo. Lakini joto hilohilo linaunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani na kuzaa oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha mapafu na kuchangia ule ukungu mchafu unaoning'inia juu ya miji mikubwa.

Dawa mojawapo ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini kupitia vali inayoitwa EGR. Moshi una oksijeni kidogo, kwa hivyo moto unapoa na zile gesi zinapungua. Ila sasa mafuta hayaungui vizuri na masizi yanaongezeka. Masizi yanaganda kwenye vali na kwenye njia za hewa. Yanajaza pia filta iliyo kwenye ekzosi, ile makanika wanaiita DPF. Filta ikijaa, kompyuta ya gari inaamuru mafuta ya ziada yatumike ili joto lipande na masizi yachomeke, na mengine ya mafuta hayo huteremka na kuchanganyika na oili ya injini. Yaani ukipunguza gesi, unaongeza masizi. Ukichoma masizi, unatumia mafuta na kuchosha vyuma. Hakuna upande usiokuwa na bili.

Sasa rudi kwa Volkswagen. Kampuni iliwaahidi Wamarekani "dizeli safi": gari lenye nguvu, lisilokula mafuta, lisilochafua hewa, tena kwa bei ambayo mwalimu au nesi angeimudu. Kuanzia 2006, waliokuwa wakiunda injini ya ahadi hiyo waliona kwamba haiwezi kutimiza masharti ya Marekani na kumridhisha mteja kwa wakati mmoja. Wakaandika programu. Gari likiwa maabara juu ya rola, matairi yakizunguka bila kwenda popote, kompyuta ilitambua mwendo wa kipimo na kuwasha usafi. Likitoka barabarani, usafi ulipunguzwa.

Walipogundua mwaka 2012 kwamba huenda gari linachelewa kutoka kwenye usafi, hawakuunda vipuri vigumu zaidi. Walitazama usukani. Juu ya rola usukani haugeuki, barabarani unageuka. Basi wakaifundisha kompyuta kusoma usukani, ili gari lisikosee tena na kuwa safi mahali ambapo hakuna anayepima. Wenye magari ya zamani walianza kuitwa gereji mwaka 2014 kuwekewa programu hiyo, wakaambiwa ni ya kuboresha gari. Kwa hivyo kabla hata dunia haijajua kuna uongo, tayari kulikuwa na "marekebisho", na yalikuja kuunoa uongo huo.

Waliowashika hawakuwa wapelelezi. Mwaka 2013 timu ndogo ya Chuo Kikuu cha West Virginia, ikiongozwa na Daniel Carder na ikifanya kazi kwa niaba ya shirika la utafiti la ICCT, ilifunga vifaa vya kupima moshi kwenye magari matatu na kuyaendesha barabarani California. BMW X5 ilikaa karibu na kiwango kwa sehemu kubwa. Passat ilitoa oksidi za nitrojeni mara 5 hadi 20 ya kiwango. Jetta ilitoa mara 15 hadi 35. Serikali ikauliza maswali, kampuni ikazunguka mbuyu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 18 Septemba 2015 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza kosa hadharani. Ndani ya siku chache Volkswagen ikasema magari yenye programu hiyo ni kama milioni 11 duniani, na mkurugenzi mkuu Martin Winterkorn akajiuzulu tarehe 23.

Hapa njia zinagawanyika, na ukitaka kujua uzito wa sheria za nchi moja ukilinganisha na nyingine, tazama hapa.

Marekani ilikuwa na magari karibu 475,000 ya injini ya lita 2. Chini ya makubaliano yaliyopitishwa na Jaji Charles Breyer Oktoba 2016, mwenye gari alipewa uchaguzi: liuze tena kwa kampuni kwa bei lililokuwa nayo kabla ya skendo, au subiri lirekebishwe. Vyovyote vile alilipwa fidia, kuanzia takriban dola 5,100 hadi 10,000. Wengi sana waliuza. Kampuni ikajikuta na magari karibu 300,000 yamepangwa kwenye viwanja vya kukodi, mengine nje ya uwanja wa Silverdome kule Michigan, mengine jangwani Victorville, California. Kwa waliochagua kubaki na gari, kulikuwa na dhamana ndefu ya mfumo wa moshi, na aina za zamani zilihitaji vipuri vipya pamoja na programu. Hata hivyo, mamlaka zilikubali wazi kwamba gari lililorekebishwa halitafikia kile kiwango kilichoahidiwa mwanzoni. Lilikuwa afadhali, basi.

Ulaya ilikuwa na magari milioni 8.5. Huko hakukuwa na mpango wa kununuliwa tena gari lako wala fidia kwa kila mtu. Kulikuwa na barua ya kukuita gereji. Magari ya lita 1.2 na lita 2 yalipewa programu mpya, kazi ya kama nusu saa. Ya lita 1.6 yaliongezewa kipande cha plastiki chenye wavu, kikawekwa mbele ya kifaa kinachopima hewa inayoingia, na kazi yote ilikuwa chini ya saa moja. Marekani tatizo hilo liligharimu mabilioni. Ulaya lilikuwa la muda wa kunywa chai.

Ujerumani hukuwa na ruhusa ya kukataa. Mamlaka ya magari, KBA, ilifanya wito huo kuwa wa lazima, na aliyekaidi alihatarisha kufutiwa usajili wa gari lake. Uingereza, yenye magari karibu milioni 1.2 ya aina hii, iliacha iwe hiari.

Kisha malalamiko yakaanza. Gari lilipoteza nguvu ghafla kwenye barabara kuu likaanza kutambaa, taa ya injini ikiwaka. Vali za EGR ziliziba masizi. Nozeli zilikufa. Filta ilijichoma kila mara, na mafuta yakaisha haraka kuliko zamani. Wenye magari walisema jambo moja: kabla ya kile kinusu saa, gari langu lilikuwa sawa. Volkswagen ikasimama palepale: marekebisho hayakuathiri nguvu, matumizi ya mafuta wala uimara, na KBA ilithibitisha hivyo. Mapema 2017 mkuu wa kampuni nchini Uingereza, Paul Willis, alibanwa na wabunge wa Kamati ya Uchukuzi. Mwaka huohuo, kwa msukumo wa Tume ya Ulaya, kampuni iliahidi kwamba sehemu kadhaa zinazohusika na moshi zikileta shida ndani ya miezi 24 baada ya marekebisho, itaangalia malalamiko. Iliuita mpango huo hatua ya kujenga imani. Neno "dhamana" halikutumika.

Tuwe wa haki. Mamilioni ya magari yalirekebishwa na mengi yaliendelea bila shida. Vali ya EGR ya gari lililotembea kilomita 150,000 inaweza kuziba hata bila mkono wa mtu. Lakini hapo ndipo mwananchi anaponaswa. Gari lako lina miaka 7, vali imekufa miezi mitatu baada ya programu mpya. Utathibitishaje kwamba ni programu na si uzee? Programu ni siri ya kampuni. Vipimo vya gari lako kabla ya marekebisho huna. Mwenye maarifa ni yuleyule aliyekudanganya mara ya kwanza, na mzigo wa ushahidi uko kichwani mwako.

Mahakama zilichukua miaka kufika. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilisema mnunuzi aliyedanganywa anaweza kurudisha gari na kudai pesa zake, ila akatwe kwa kila kilomita alizoendesha. Mei 2022 Volkswagen ilikubali kuwalipa kama watu 91,000 wa Uingereza na Wales pauni milioni 193, bila kukiri kosa.

Kisha tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa hukumu katika kesi tatu zilizotoka Austria. Kesi hizo zilihusu ile programu mpya, ile ya kurekebisha. Ilibainika kwamba kwa programu hiyo EGR inafanya kazi kikamilifu hali ya hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 33 za Selsiasi tu, na gari likiwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nje ya hapo, usafi unapunguzwa. Austria ni nchi ya baridi na milima. Mahakama ikasema kifaa kama hicho ni kinyume cha sheria ikiwa kitafanya kazi sehemu kubwa ya mwaka, na haijalishi kiliwekwa kiwandani au gerejini baadaye. Tayari Desemba 2020 ilikuwa imesema kwamba kuzuia injini isichakae au isizibe masizi hakutoshi kuwa kisingizio.

Kwa nini kampuni ilihitaji kisingizio hicho? Kwa sababu ilijua kile wahandisi wake waliandika 2012: usafi wa muda wote unaumiza chuma. Walioambiwa marekebisho hayana athari yoyote waliambiwa hivyo na kampuni ambayo mahakamani ilijitetea kwamba inalinda injini dhidi ya athari.

Na sisi? Kenya inapokea mitumba yenye usukani upande wa kulia isiyozidi miaka 8, mingi kutoka Japani, mingine kutoka Uingereza. Dizeli za kizazi hicho zilizoingia zikiwa bado na umri unaokubalika ziko barabarani hadi leo. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Limuru, Nakuru na Eldoret ziko juu zaidi. Kama gari la hapa lina ile programu iliyoelezwa mahakamani, basi kwa hesabu yake Nairobi nzima iko nje ya mipaka ya usafi. Injini inapumzika, na moshi tunaupokea sisi kwenye foleni ya Thika Road. Likishuka Mombasa, usafi unarudi. Na makanika akiona EGR imeziba, ushauri unaujua: ziba kabisa, toa na hiyo filta, gari litaruka. Huwezi kumlaumu sana. Anafanya kwa spana kile kilichofanywa kwa kompyuta na watu wenye digrii.

Kwa hivyo ukipata dizeli ya miaka ile kwa bei nzuri, usiishie kwenye kitabu cha usajili na maili. Uliza kama ilirekebishwa na lini. Uliza EGR ilibadilishwa lini, na nani alitoa pesa. Hilo la mwisho mara nyingi jibu lake ni mwenye gari aliyetangulia. Zamu inayofuata ni yako.