Jalada Lililokuwa Kabati la Michezo

Mwalimu mkuu anapohamishwa hukabidhi funguo siku moja, lakini masjala yake humsumbua mrithi muhula mzima. Katika ofisi moja niliyoirithi, jalada la mwalimu mstaafu wa Endamarariek halikuonekana kwa miezi mitano. Mafao yake yakakwama. Kila alipokuja aliambiwa, "Bado tunatafuta, Mwalimu." Kumbe lilikuwa salama salimini katika kabati la vifaa vya michezo. Aliyenitangulia alikuwa na utaratibu wake, ila hakumwambia mtu.

Nilimkumbuka mzee huyo siku mjukuu wangu aliponionyesha kompyuta yake inayotumia Linux. Programu zilikuwa na anwani mbili, /bin na /usr/bin. Nikauliza sababu. "Babu, ndivyo ilivyo tu." Jibu la namna hiyo sikulipokea darasani.

Sababu yenyewe ilianzia Marekani, katika maabara za Bell, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianzisha Unix mwaka 1969. Programu zilikaa /bin. /Usr ilikuwa ya vitu vya watumiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 diski ya kwanza ikajaa, programu zikafurikia ya pili, kwa watumiaji, nao baadaye wakahamishiwa kwingine. Ni kama darasa lijae, madawati yapelekwe nyumbani kwa mwalimu, kisha mwalimu atafutiwe nyumba.

Unix ikazaa matawi. Berkeley, California, walikuwa na lao, na makampuni yakawa na yao. Linus Torvalds wa Finland alipotoa Linux mwaka 1991, wasambazaji wake nao walipanga faili kila mmoja alivyoona vema. Programu iliyozoea mpango mmoja ilifika kwingine, ikatafuta faili zake isizione. Ndipo watu wa kujitolea walipoandika mwongozo wa pamoja, uliotoka tarehe 14 Februari 1994. Kisha wakaungana na watu wa tawi la Berkeley, ili mwongozo uifae mifumo yote ya jamii ya Unix, na toleo la 1997 likapewa jina jipya.

Waliuliza maswali mawili: je, kitu hiki hubadilika? Je, mashine nyingi zaweza kukitumia kwa pamoja? Hivyo mipangilio ya mashine ikakaa /etc, na kumbukumbu zinazoongezeka kila siku zikakaa /var. Laiti masjala yangu ingeulizwa hayo!

Si wote waliofuata. Matawi ya Berkeley yameshika mpango wao, kama vile watu wa Mombasa walivyobaki na Kimvita majumbani ingawa mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika mjini mwao, ulichagua Kiunguja.

Tangu mwaka 2012 baadhi ya wasambazaji wa Linux wameziunganisha zile anwani mbili. Mjukuu aliponifungulia /bin niliona si chumba tena, bali kielekezi cha kumpeleka mtu /usr/bin, mithili ya karatasi iliyobandikwa mlangoni: "Tumehamia chumba cha pili." Karatasi ya namna hiyo, ya senti chache, haikubandikwa kwenye kabati la masjala yangu.