Machicha ya Kidonge

Mwaka juzi bibi yangu aliacha kunywa dawa ya kisukari kwa wiki tatu bila kumwambia mtu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila wasiwasi: "Mjukuu wangu, kidonge nakimeza usiku, kesho yake nakiona chooni. Sasa nameza cha nini?" Wakati huo sukari yake ilikuwa imepanda mpaka tukamkimbiza hospitali. Pale alipoandikiwa dawa, hakuna aliyemwambia kwamba alichokiona kilikuwa ganda tu, na dawa ilishabaki mwilini.

Ganda hilo, kama dawa yenyewe, lina asili ya mimea.

Dawa yake ni metformini. Chimbuko lake ni Galega officinalis, mmea uliotumika zamani Ulaya kama mitishamba, ambao baadaye uligunduliwa kuwa na kemikali za kushusha sukari. Mwaka 1922, Emil Werner na James Bell walitengeneza metformini kwenye maabara huko Dublin. Mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa dawa hiyo. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 1994. Lakini ilikuwa na usumbufu wake: wengi waliinywa mara mbili au tatu kwa siku, na baadhi yao iliwavuruga tumbo.

Wazo la kuifanya dawa itoke polepole lilikuwapo tayari. Mwaka 1952 kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ilitoa Spansule, kapsuli iliyojaa punje ndogondogo zilizopakwa tabaka za nta zenye unene tofauti. Nyingine ziliachia dawa mapema, nyingine zilichelewa. Baadaye ikaenea njia iliyo rahisi zaidi: kuchanganya dawa na unga unaovimba ukipata maji, kisha kuushindilia mchanganyiko huo uwe kidonge.

Unga unaotumika sana ni haipromelosi, polima inayotokana na selulosi ya miti au pamba. Selulosi ilitambuliwa mwaka 1838 na mkemia Mfaransa Anselme Payen, aliyeikuta katika mimea ya kila namna. Yenyewe haiyeyuki katika maji. Ndiyo maana shati la pamba hufuliwa mara mia na likabaki shati. Wakemia huipachika vikundi vidogo vya kemikali, nayo ikaanza kupatana na maji. Kidonge kikifika tumboni, sehemu ya nje hulowa, huvimba na kuwa ute mzito. Dawa hupenya ute huo kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Aliyewahi kupika mlenda au bamia anaujua ute huo. Watafiti wamejaribu hata ute wa bamia wenyewe katika vidonge vya aina hii.

Metformini ya kutoka polepole iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, inywewe mara moja kwa siku pamoja na chakula cha jioni. Kwa kuwa utumbo wa binadamu hauwezi kumeng'enya haipromelosi, pengine ganda hutoka likiwa laini, lenye umbo la kidonge. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la Bibi ilieleza hayo, kwa Kiingereza, kwa herufi za kumtesa hata mimi.

Nilimweleza Bibi tukiwa jikoni. Nilimwambia pia asikisage wala kukitafuna, maana dawa ya siku nzima ingemwagika kwa mkupuo. Alinyamaza kidogo, akatazama kifuu na mbuzi ya kukunia nazi.

"Kumbe ni machicha," alisema. "Tui limeshatoka."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu polima hizi, na sijakutana na maelezo yanayoishinda sentensi hiyo. Siku hizi Bibi anameza kidonge chake kila baada ya chakula cha jioni, na wenzake wa kliniki anawaeleza habari ya machicha.