Nani Hasa Mdhamini? Historia ya Maandishi kwenye Magari ya Mashindano

Historia ya mashindano ya magari imezoea kuandikwa kwa majina ya madereva na viwanda. Tunaambiwa nani alishinda, kwa gari gani, na kwa muda gani. Katika makala haya ninapendekeza tuisome historia hiyo mahali pengine: kwenye milango, boneti na mkia wa gari, pale panapoandikwa jina la aliyetoa fedha. Maandishi hayo ni mkataba uliowekwa hadharani, na wanaohusika ni watatu: mdhamini anayetaka jina lake lionekane, dereva anayetaka kushindana, na fundi anayeliandika jina. Wawili wa kwanza hutajwa. Hoja yangu ni kwamba katika mashindano ya ridhaa, yale yasiyo na fedha nyingi, huyo wa tatu mara nyingi ndiye aliyeubeba mchezo kwa kazi isiyolipwa, na kwamba kisa chake kinatuhusu hata sisi tusiofuatilia mbio.

Kutoka rangi za taifa hadi rangi za kampuni

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, magari ya mashindano ya kimataifa huko Ulaya yalivaa rangi za mataifa: kijani kwa Uingereza, nyekundu kwa Italia, buluu kwa Ufaransa, nyeupe na baadaye fedha kwa Ujerumani. Makampuni ya mafuta na matairi yalitoa msaada, lakini majina yao yalionekana kwa udogo tu. Mwaka 1968 mambo yakageuka. Januari mwaka huo, huko Kyalami, Afrika Kusini, John Love wa Rhodesia ya wakati ule aliendesha gari lililopakwa rangi za sigara za Gunston. Miezi michache baadaye, timu ya Lotus iliingia kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ikiwa imeacha kijani cha taifa lake na kuvaa nyekundu, nyeupe na dhahabu za sigara za Gold Leaf.

Wengi huanzia hapo kusimulia historia ya udhamini. Hata hivyo, huo ni mwanzo wa fedha kubwa tu. Huko Marekani, ambako shirika la NASCAR liliundwa mwaka 1948, viwanja vidogo vya udongo vilikuwa tayari vimezoea magari yenye majina ya wafanyabiashara wa mtaani. Dereva alikuwa makanika au mkulima aliyeshindana Jumamosi jioni. Mdhamini wake alikuwa mwenye gereji, muuza vipuri, mwenye mgahawa au mwenye bucha. Alichotoa mara nyingi hakikuwa fedha taslimu bali matairi, mafuta, au sehemu ya kufanyia matengenezo.

Jina la mdhamini huyo liliandikwa kwa mkono. Fundi alichora herufi kwenye karatasi, akaitoboa vitundu kufuata mistari yake, akaibandika kwenye bodi na kuipigapiga kwa vumbi la chaki ili alama zibaki. Kisha alizijaza kwa brashi ya manyoya marefu laini na rangi ya mafuta. Namba ya gari iliandikwa kubwa milangoni na juu ya paa, kwa sababu wahesabu mizunguko walitegemea macho yao. Namba isiyosomeka ingeweza kumpotezea dereva ushindi. Kwa hiyo kazi ya fundi haikuwa pambo. Ilikuwa sehemu ya uendeshaji wa mashindano yenyewe. Naye aliandika jina lake kwa herufi ndogo karibu na gurudumu la nyuma, na nafasi hiyo ndogo mara nyingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo yake.

Fedha kubwa na ndoto za wadogo

Tangu Januari 2, 1971, matangazo ya sigara yalipigwa marufuku kwenye redio na televisheni za Marekani. Mwaka huohuo sigara za Winston zikawa mdhamini wa ligi kuu ya NASCAR: tangazo lililofukuzwa mlangoni liliingia kwa dirishani. Mwaka 1972 kampuni ya STP ilimdhamini Richard Petty na ikataka gari lake lote liwe jekundu. Petty alikataa kuiacha buluu yake, na wakakubaliana gari livae rangi zote mbili. Tukumbuke kwamba Petty alikuwa bingwa, na bingwa ana sauti mezani. Dereva wa ridhaa hana sauti hiyo, na fundi wake hayupo hata mezani.

Fedha hizo zilifika kwa wachache, lakini mwonekano wake ulienea kwa wote. Kila dereva wa kiwanja cha udongo alitaka gari lake lifanane na yale ya televisheni, na kila mwenye bucha alitaka nembo yake ing'ae kama ya kampuni ya kimataifa, kwa bei ileile ya bucha. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuja mashine za kukata herufi za stika kwa kompyuta. Herufi zilizohitaji siku nzima ya brashi sasa zilikatwa kwa dakika. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa la hesabu ambalo halijasahihishwa hadi leo: wateja walidhani kwamba mashine ikikata kwa dakika, basi kazi nzima ni ya dakika.

Tuihesabu kazi hiyo kwa haki. Mdhamini mdogo huleta nembo iliyopigwa picha kutoka kwenye kadi ya biashara, nayo lazima ichorwe upya. Gari huletwa usiku wa kuamkia mashindano, likiwa na grisi, mabonde na vichwa vya ribiti, na gundi haishiki juu ya grisi. Bodi husafishwa, hukaushwa, stika hupimwa, hubandikwa na kupashwa joto ili ishike kwenye mikunjo. Baada ya mbio mlango umebonyea na nusu ya jina imechanika. Mdhamini anasema alikwisha kutoa. Dereva anasema fedha imeishia kwenye matairi. Anayebaki na hasara ni yule ambaye mchango wake haukuandikwa popote.

Mafundi wenye uzoefu walijifunza kujilinda, na njia zao zinafaa kuigwa. Bajeti ikiwa ndogo, hupunguza kazi badala ya kupunguza ujira: jina moja, rangi moja, milango na mkia tu, lakini lisomeke kutoka jukwaani. Hawakati stika kabla ya kupokea malipo ya awali. Humwonyesha mteja mchoro na kumtaka aukubali kwa sahihi. Bei ya kurudishia mlango uliogongwa hutajwa mapema, wakati gari bado ni zima na wote bado ni marafiki.

Afrika Mashariki nasi

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumika. Ushindi huo ulidumisha imani kwamba dereva binafsi anaweza kuishinda timu ya kiwanda. Lakini katika miaka ya 1980 mashindano yenyewe yalibeba jina la sigara za Marlboro, na matangazo ya aina hiyo yalikuja kukatazwa kwa sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007. Dola ina mkono katika kile kinachoandikwa kwenye mlango wa gari, na inapoamua kuutumia, hufaulu.

Kanuni za mchezo nazo zina mkono. Katika mashindano mengi ya rali, mwandaaji hutenga nafasi kwenye gari kwa wadhamini wake mwenyewe, na mshindani anayekataa hutozwa ada kubwa zaidi ya kuingia. Kwa hiyo dereva maskini amekwisha kuuza sehemu ya mlango wake kabla ya kumpata mdhamini wa kwanza. Kinachobaki ndicho anachompelekea fundi wetu, ambaye riziki yake ya kila siku ni daladala, matatu na mbao za maduka, akimwomba amfanyie kwa mali kauli.

Mali kauli si jambo baya. Biashara ya pwani yetu na bara iliishi kwa uaminifu wa namna hiyo kwa muda mrefu. Ubaya huanza pale mwenye nguvu anapomgeuza mnyonge kuwa benki yake isiyo na riba. Jiji la New York lililitambua hilo katika sheria iliyoanza kutumika Mei 2017: kazi ya mfanyakazi wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ikiwa tarehe ya malipo haikutajwa, alipwe ndani ya siku 30 baada ya kuikamilisha.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya asidhani kwamba ninazungumzia mchezo tu. Mtoa huduma mdogo aliyechapa vitabu vya halmashauri, aliyepika chakula cha semina, aliyeandika bango la kampeni ya chanjo, naye husubiri hundi huku jina la mradi likisifiwa majukwaani. Wanaharakati pia wajiulize: fulana na mabango ya maandamano yetu, mafundi wake walilipwa lini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mdhamini ni yule anayebeba gharama, awe ameandikwa au hakuandikwa. Tukiikubali tafsiri hiyo, itabidi tuyasome upya magari mengi, na miradi mingi ya umma pia. Kisha tufungue daftari na kumlipa tuliyemsahau.