Uasi wa Simba wa 1964 na Fundisho la Mamlaka

Katika semina ya wainjilisti hapa Nyansurura, mzee mmoja wa usharika aliuliza: ikiwa mamlaka yote yatoka kwa Mungu, raia walioonewa na mamlaka hiyo wafanye nini? Sisi wachungaji tumezoea kumjibu mtu wa namna hii kwa kumsomea Warumi 13 na kufunga kitabu. Makala haya yanalichunguza swali lake kwa kutazama uasi uliotokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jamhuri iliyokuwa na umri wa miaka minne tu.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwezi Septemba 1963 Rais Joseph Kasavubu alilivunja Bunge. Wananchi wengi waliona kwamba wakubwa wapya wamekalia viti vya Wabelgiji, wakaanza kudai "uhuru wa pili". Januari 1964 Pierre Mulele, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Lumumba, alianzisha uasi huko Kwilu. Upande wa mashariki wapiganaji walijiita Simba. Walipewa dawa ili risasi zigeuke maji, kama babu zetu wa Maji Maji mwaka 1905. Tarehe 5 Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo.

Juu ya uasi huo maoni yaligawanyika. Waziri Mkuu Moise Tshombe aliwaona Simba kuwa wahalifu, akaajiri askari mamluki wa kizungu kuwapiga. Mataifa ya Magharibi yaliona mkono wa ukomunisti. Serikali nyingi za Afrika ziliona zaidi uingiliaji wa wageni, hasa askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhushwa Stanleyville na ndege za Marekani tarehe 24 Novemba ili kuokoa mateka. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 22 zilizopeleka shauri hilo kwenye Baraza la Usalama. Hata hivyo, Januari ya mwaka huo huo Tanganyika yenyewe ilikuwa imewaita askari wa Uingereza kuzima maasi ya jeshi lake. Ni vigumu kuhukumu uasi wa jirani kwa kipimo kile kile tunachoupimia wa nyumbani.

Matendo ya pande zote mbili yanatisha. Siku ile ya Novemba daktari mmisionari Paul Carlson aliuawa Stanleyville. Tarehe 1 Desemba mtawa Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Wakongo waliouawa na Simba, na jeshi la serikali, na mamluki, ni maelfu, na wengi wao hawatajwi popote. Naye Mulele alirudi mwaka 1968 kwa ahadi ya msamaha, akauawa.

Hapa hatuna budi kusoma 1 Wafalme 12 pamoja na Warumi 13. Watu walimwomba Rehoboamu awapunguzie kongwa, naye akaahidi kuliongeza. Makabila yalipoasi, Mungu alimtuma Shemaya kumkataza mfalme asipigane na ndugu zake. Malalamiko yao, basi, yalikuwa ya kweli. Lakini Yeroboamu, kiongozi wa waasi, hakukawia kutengeneza ndama wawili wa dhahabu. Luther naye, mwaka 1525, aliandika kwanza kuwalaumu watawala kwamba wao ndio waliosababisha ghasia za wakulima. Ndipo baadaye akaandika kwa ukali dhidi ya wakulima. Kanisa limekumbuka zaidi andiko la pili, na kwa kufanya hivyo limewapa watawala faraja wasiyostahili.

Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa Simba, alikuwa Rais mwaka 1997. Mwaka uliofuata raia wengine walimwasi yeye, na Januari 2001 aliuawa. Kubadilisha aketiye kitini hakukuondoa kongwa.

Kwa hiyo namjibu mzee wetu hivi: haki ya kulalamika haimpi mtu haki ya kumwaga damu, wala damu iliyomwagwa haifuti ukweli wa malalamiko. Mchungaji anayemhubiri Yeroboamu peke yake, wala hajamwendea Rehoboamu mapema, amechelewa.