Ridhaa ya Wazee, Kutoka Magogoni Hadi Hai

Watu wa Dar es Salaam wanaijua Magogoni kwa pantoni ya Kigamboni, kwa samaki wa Feri na kwa ukuta wa Ikulu. Ukiupita ukuta huo na kuifuata barabara ya ufukweni kuelekea kaskazini, hukawii kufika Hospitali ya Ocean Road, jengo la Wajerumani lililofunguliwa mwaka 1897. Jirani yake Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilikuwa na makao yake makuu kwa miaka mingi. Kipande hiki kifupi cha pwani kimeshuhudia zaidi ya karne nzima ya utafiti juu ya miili ya watu. Mabadiliko makubwa ya karne hiyo yalihusu jambo dogo kulitamka: mtu anayetafitiwa aliulizwa kama anataka, au hakuulizwa?

Mwaka huohuo wa 1897, Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kujipatia jina kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, aliwasili Dar es Salaam kuchunguza malaria, tauni na magonjwa ya mifugo. Mji ulikuwa umegawanyika hata katika kuugua. Wazungu walilazwa Ocean Road, penye upepo wa bahari. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao mjini, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Daktari mtafiti wa zama hizo hakudaiwa na sheria wala kamati yoyote kupata saini ya mgonjwa. Aliyetaka damu aliichukua, na aliyetaka kujaribu dawa aliijaribu.

Koch alirudi Afrika Mashariki mwaka 1906, safari hii akiufuatilia ugonjwa wa malale, na akapiga kambi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Wagonjwa walimiminika kwake kwa hiari yao, maana malale ilikuwa inamaliza vijiji na kila aliyeahidi tiba alikimbiliwa. Dawa yake ilikuwa atoksili, yenye asili ya sumu ya aseniki. Dozi ndogo zilipoonekana kutofaa, alizipandisha. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho, na upofu huo haukupona. Walikwenda kwake kwa miguu yao wenyewe, ila hiari ya mtu asiyeambiwa hatari ni hiari nusu.

Mwaka huohuo wa 1906, mwezi Novemba, daktari mwingine wa Kijerumani alisimama mbele ya wenzake mjini Tübingen akaeleza habari za mama mmoja wa Frankfurt. Daktari huyo aliitwa Alois Alzheimer, na mgonjwa wake Auguste Deter. Mama huyo alifikishwa hospitali mwaka 1901 akiwa na miaka 51, kumbukumbu zimemtoka, hata kuandika jina lake mwenyewe kukamshinda. Alipofariki, ubongo wake ulipasuliwa na kutazamwa kwa darubini. Ndani yake zilionekana takataka na nyuzi zilizosokotana, alama ambazo wataalamu wanazitafuta mpaka leo. Elimu yote ya ugonjwa wa Alzheimer imeanzia kwa mtu ambaye, siku alipohojiwa, hakuwa tena na uwezo wa kukubali wala kukataa.

Pwani yetu, miaka iliyofuata, watu walikuwa na neno lao kwa waliochukua damu bila maelezo: mumiani. Toka enzi za Waingereza zilivuma habari kwamba wazimamoto, wauguzi na watu wa magari ya serikali huwakamata raia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na hakuzidharau kama porojo. Zilikuwa zimebeba malalamiko ya kweli: damu yetu inakwenda wapi, na nani anafaidika nayo?

Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J.C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kilichomfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa malaria wa Pare na Taveta. Nyumba zilipuliziwa dawa ya kuua mbu hadi mwaka 1959, kisha upuliziaji ukakoma. Mbu wakarudi, na malaria ikawarudia watu ambao miili yao ilikwisha kuzoea kuishi bila hiyo. Wanakijiji walikuwa wamefungua milango yao, lakini kesho yao baada ya watafiti kuondoka haikuwa sehemu ya makubaliano.

Nje huko dunia ilikuwa imeanza kujirekebisha. Hukumu ya madaktari wa Nazi mjini Nuremberg mwaka 1947 ilitangaza kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisiloepukika. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likaweka kanuni kwa madaktari watafiti. Tanzania iliunda NIMR kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Kadiri miaka ilivyokwenda, mtu aliyetaka kuwafanyia utafiti wa tiba watu wa Tanzania alipaswa kupeleka maandishi yake, maswali yake na fomu yake ya ridhaa vikaguliwe kwanza. Ufukwe uleule aliopita Koch bila kuombwa cheti ukawa mahali pa kuombea cheti.

Utafiti wa kumbukumbu za wazee nao ulipitia hapo. Mizizi yake ni mradi uliochipuka mwaka 1992, wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, wa kuhesabu vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Morogoro na wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba, wakaorodhesha kaya, na palipotokea msiba wakakaa na wafiwa kuuliza marehemu aliumwa nini. Orodha hizo zikawa hazina. Kuanzia Juni 2003, kwa miaka mitatu, timu ya daktari Richard Walker ilizitumia kuhesabu viharusi: 453 Hai na 183 katika mitaa ya Dar es Salaam iliyokuwa chini ya uangalizi. Tofauti za umri zilipowekwa sawa, kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Kiharusi huacha watu vilema, na huacha wengine wamepungukiwa akili na kumbukumbu. Kwa hiyo swali la pili lilikuja lenyewe: wazee wangapi wamepoteza kumbukumbu?

Jibu halikuwa rahisi, kwa sababu vipimo vingi vilitungwa kwa watu waliosoma. Mzee anaambiwa ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba, au achore umbo kwa kalamu. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu maishani hukosa alama kabla hata ya kusahau chochote. Njia ilianza kufunguliwa na mradi wa Ibadan na Indianapolis wa miaka ya 1990, uliowalinganisha wazee wa Nigeria na Wamarekani weusi. Kipimo chake, kilichojaribiwa awali kwa Wacree wa Kanada, kilimuuliza mzee, kisha kikamuuliza ndugu anayeishi naye.

Mwaka 2010 kipimo hicho kilipelekwa katika vijiji sita vya Hai, kwa kibali cha NIMR. Waliochunguzwa walikuwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Mtafiti alifika na mwenyeji anayejulikana kijijini, akaamkia, akakaa, akaeleza shabaha ya ujio wake. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Pale ugonjwa ulipokuwa umekwisha kumnyang'anya mzee uwezo wa kuamua, ndugu wa karibu aliombwa akubali kwa niaba yake. Kati ya 296 waliofanyiwa uchunguzi wa kina, 78 walikutwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa akili na kumbukumbu. Hesabu ikarekebishwa kwa umri, na kiwango kikawa asilimia 6.4. Ile imani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu ikakosa pa kusimama. Karibu nusu walikuwa na Alzheimer, na wengi wa waliobaki walidhurika kupitia mishipa ya damu, njia ileile ya presha na kiharusi.

Kutokana na kazi hiyo, daktari Stella-Maria Paddick, mtafiti Aloyce Kisoli na wenzao walitunga kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kikachapishwa mwaka 2014. Kina maswali sita na alama 15. Mzee anaulizwa leo siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, na anakumbuka maneno kumi aliyosomewa punde. Na badala ya karatasi na kalamu, muulizaji anapanga njiti nne za kibiriti mezani, anampa mzee njiti nyingine nne na kumwomba apange vilevile. Kila jiko la Tanzania lina kibiriti. Waliowezesha uvumbuzi huo ni wazee wa Hai waliokubali kukaa kitako na kuonekana wakikosea mbele ya wageni, jambo zito kwa mtu aliyezoea kuheshimiwa.

Safari hii watafiti hawakuishia kuhesabu. Wagonjwa 34 waliingizwa katika mazoezi ya kuchangamsha akili, njia iliyobuniwa Uingereza na kurekebishwa ifae Kilimanjaro: vikao 14 katika wiki saba, watu wakikaa kikundi wakizungumza, wakiimba, wakishika vitu wanavyovijua. Kundi moja lilitangulia na jingine likangoja zamu, ila kila aliyejiunga alifikiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri na katika ubora wa maisha. Ukilinganisha na Pare ya 1959, hapo ridhaa ilikuwa imeongezewa sehemu iliyokosekana, yaani mwenye kutoa naye apate.

Lakini katika dawa zenyewe Afrika bado haijaketi mezani. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 katika vituo 235 vya dunia, na hakuna hata kimoja kilichokuwa Afrika. Ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18, na kwa baadhi ya watu ilisababisha uvimbe na kuvuja damu kwenye ubongo. Nani atasema itamfaa au itamdhuru vipi mzee wa Kariakoo mwenye presha ya miaka 20, ikiwa mzee kama yeye hakuwahi kuwemo?

Siku jaribio kama hilo litakapofika Dar es Salaam, ugumu wake utakuwa uleule wa Auguste Deter. Mwenye duka anayerudisha chenji mara mbili, au bibi wa Gerezani anayeuliza swali lilelile mara tano kwa asubuhi moja, huambiwa na watu wa nyumbani kwamba ni uzee tu. Familia ikija kustuka, dirisha la ridhaa limekwisha kufungwa, na ndugu wanabaki kukisia angetaka nini. Mtu wa kuulizwa ni yule ambaye bado anakumbuka: kama angependa kushiriki utafiti, kama damu yake ihifadhiwe, nani amsemee baadaye. Naye ana haki ya kuuliza maswali yake kabla ya dole gumba kugusa wino: kibali cha NIMR kiko wapi, dawa ina hatari gani, naweza kujitoa lini, na utafiti ukiisha mtaniachia nini. Wagonjwa wa Sese hawakupata nafasi ya kuyauliza hayo. Wazee wa Hai waliipata kwa sehemu kubwa, na wa Kariakoo wanastahili kuipata yote.